Mwanya wa Unyanyembe na ndita za mjini

Novemba 7, 1857, baada ya siku 134 njiani kutoka pwani, Mwingereza Richard Burton na mwenzake John Hanning Speke waliingia Kazeh, mji wa wafanyabiashara katika nchi ya Unyanyembe, uliokuwa mahali ilipo Tabora ya leo. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu aliyewasaidia kwa makazi, chakula na habari za nchi. Burton aliandika kila alichokiona, mara nyingi kwa kiburi na dharau za Wazungu wa enzi zake, kwa hiyo anasomwa kwa tahadhari. Lakini macho alikuwa nayo.

Kitabu chake cha mwaka 1860 kinaeleza nyuso za Wanyamwezi kwa undani ambao ni nadra kuukuta kwa wasafiri wengine. Kulikuwa na chale ndogondogo zilizopangwa mistari miwili, kutoka pembeni mwa nyusi hadi katikati ya shavu au kwenye taya. Wengine waliongeza mstari uliotelemka kwenye paji la uso hadi juu ya pua. Wanaume walipaka mkaa ili chale ziwe nyeusi, na baadhi ya wanawake walipenda zionekane za buluu. Kisha anafika kwenye meno. Wanyamwezi, anasema, hawakuyachonga yote yakawa kama msumeno walivyofanya watu wa kusini. Walimegua pembe za ndani za meno mawili ya mbele, likabaki tundu la pembe tatu. Wanawake waling'oa na yale ya katikati ya chini.

Burton mwenyewe uso wake haukuwa salama. Miaka miwili na nusu hivi kabla ya kufika Kazeh, huko Berbera, mkuki wa Msomali uliingia shavu moja ukatokea la pili na kumng'oa meno kadhaa. Huyo ndiye aliyekaa barazani Kazeh akihesabu chale za watu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya swali linaloulizwa sana siku hizi: daktari wa meno anahusika vipi na paji la uso? Uingereza, Kanada na Marekani imekuwa kawaida mtu kwenda kusafishwa meno akaondoka amechomwa sindano ya kulainisha ndita. Kliniki za urembo za Nairobi na Dar es Salaam nazo zinaitangaza sindano hiyo, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la kibiashara la Botox. Wapo wanaoona daktari wa meno ameruka mpaka. Ukiitazama historia ya njia ya misafara iliyopita Kazeh, mpaka wenyewe ndio mgeni. Katika Unyamwezi aliyoiona Burton, shavu, paji na jino vilipambwa pamoja, na hakuna aliyeona kuwa pambo la meno lina mwenye nalo na pambo la uso lina mwingine.

Pambo hilo lilikuwa na kazi. Kati ya Bagamoyo na Ujiji walipita maelfu ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32. Kambini walilala watu wa makabila yasiyojuana. Mnyamwezi aliyefungua kinywa kucheka alikuwa amekwisha kutaja kwao. Desturi hiyo ilififia katika karne ya 20, na leo mwanya unaosifiwa Tabora, kama pwani, ni ule wa kuzaliwa nao.

Kuhusu tiba ya meno kwenye njia hiyo, shahidi mzuri ni mmisionari na msafiri David Livingstone. Alikuwa daktari mwenye cheti, na hakuwa na wa kumtibu. Alipokuwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kabla mwandishi wa habari Henry Morton Stanley hajamkuta Ujiji mwaka 1871, mahindi magumu yalikuwa yamemlegeza na kumng'oa meno mengi. Katika barua zake anaeleza alivyoyang'oa mengine: unafunga uzi imara kwenye jino kwa fundo la mabaharia, ncha ya pili unaifunga kwenye kisiki, kisha unaupiga uzi kwa bastola nzito au fimbo, jino linabaki linaning'inia kisikini. Alidai haiumi. Mimi siamini. Februari 1872 aliingia Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akiwa kibogoyo nusu, akakaa hadi Agosti akisubiri wapagazi. Nyumba ya kumbukumbu yake pale Kwihara ipo hadi leo.

Wakati huohuo, huko Ulaya, dawa ya sindano tunayoizungumzia ilikuwa bado inajulikana kama sumu tu. Mapema zaidi, mwanzoni mwa karne ya 19, Justinus Kerner, daktari wa Württemberg huko Ujerumani ambaye pia alikuwa mshairi, alichunguza watu waliokuwa wakifa kwa kula soseji zilizoharibika. Walianza kuona vitu viwiliviwili, kope zikalegea, mate yakakauka, mwishowe pumzi ikakata. Kerner aliionja sumu hiyo mwenyewe, kisha akaandika kuwa huenda siku moja ikatibu mishipa ya fahamu inayofanya kazi kupita kiasi. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki waliopiga kwenye mazishi walikula nyama ya nguruwe iliyokaushwa wakaugua, na watatu wakafa. Kutokana na nyama hiyo mwanasayansi Émile van Ermengem alimpata bakteria anayetengeneza sumu.

Utabiri wa Kerner ulisubiri zaidi ya miaka 150. Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, alikuwa akitafuta njia ya kunyoosha makengeza bila kisu. Alijaribu kiasi kidogo mno cha sumu hiyo kwa nyani, na baadaye kwa binadamu, na mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha itumike kwa makengeza na kwa kope zinazokaza zenyewe. Ndita ziliingia kwa bahati. Huko Vancouver, daktari wa macho Jean Carruthers aligundua kuwa wagonjwa wake wa kope walikuwa wakipoteza mikunjo ya kati ya nyusi. Mumewe Alastair alikuwa daktari wa ngozi. Wakaanza kwa kumchoma mpokea wageni wa kliniki yao, na mwaka 1992 wakachapisha matokeo. Idhini ya Marekani kwa ajili ya ndita ilipatikana mwaka 2002, ya kipandauso sugu mwaka 2010.

Kwa hiyo tiba ilitangulia, urembo ukafuata. Na hapa ndipo daktari wa meno anapoingia kwa haki. Neva inapotaka msuli ukaze hutoa kemikali ya kuuamuru. Sindano hii huzuia kemikali hiyo isitoke, msuli ukalegea kwa miezi mitatu au minne, kisha nguvu zikarudi. Msuli wa kutafunia, ule unaoushika pembeni mwa taya ukibana meno, ni mali ya daktari wa meno tangu mwaka wa kwanza chuoni. Yupo mtu anayesaga meno usiku kucha, akaamka na maumivu ya taya na kichwa, meno yamelika kama ya mzee. Yupo ambaye msuli huo umevimba hadi uso ukawa wa pembe nne. Yupo anayetokwa na mate asiweze kuyazuia kwa sababu ya maradhi ya neva, na yupo ambaye akicheka ufizi wote unaonekana. Wote hao wanaweza kunufaika, ingawa kwa anayesaga meno kinga ya plastiki ya kuvaa usiku hujaribiwa kwanza, na ni sawa iwe hivyo.

Paji la uso ni suala jingine. Daktari wa meno amesomea neva na misuli ya uso, na kila siku anachoma ganzi sehemu zenye mishipa mingi, kwa hiyo mkono anao. Asichokuwa nacho kwa digrii peke yake ni mafunzo ya dawa hiyo. Sindano ikikosea kidogo kope huanguka, au mdomo ukapinda upande mmoja, na mgonjwa akakaa hivyo kwa wiki kadhaa. Uingereza wameiweka miongoni mwa dawa za cheti cha daktari, na daktari wa meno ni mmoja wa wanaoruhusiwa kuiandika. Tangu Oktoba 2021 England imekataza kumchoma kwa ajili ya urembo aliye chini ya miaka 18. Nchini Marekani kila jimbo lina kanuni yake.

Kwetu Tanzania wataalamu hawa wako chini ya sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, na Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo lenye daftari la majina. Dawa yenyewe ni kazi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Hofu yangu kubwa ni kwa watu wasio katika daftari lolote. Tumekwisha kuona mkorogo: vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku miaka mingi, na bado vinauzwa chini ya meza. Sindano bandia ni hatari kuliko krimu. Aprili 2024 mamlaka za Marekani zilitoa onyo baada ya watu wa majimbo kadhaa kuugua kwa Botox ya bandia, au iliyochomwa na wasio na leseni. Halafu kuna suala la baridi. Aina nyingi za dawa hii hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Kichupa kilichosafiri kwenye mkoba wa mtu ndani ya basi la Dar es Salaam hadi Tabora, juani, hakina thamani tena hata kama ni halisi.

Binafsi siwaonei aibu wanaotaka ndita zao zipungue. Mababu zetu walivumilia chale na kumeguliwa meno kwa ajili ya sura, nasi hatuna ubavu wa kumcheka anayevumilia sindano. Tofauti ninayoiona ni kwamba wao walitaka uso useme zaidi, sisi tunataka unyamaze, hasa kuhusu umri.

Anayeamka na taya linalouma aanzie kitengo cha meno cha hospitali ya mkoa, si saluni. Na anayetaka kuchomwa, iwe kwa tiba au kwa urembo, aulize jina na namba ya usajili ya mchomaji na mahali alikojifunzia, aone kichupa kikitolewa kwenye jokofu na kufunguliwa mbele yake, asome jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye maradhi ya misuli au neva amweleze daktari mapema. Mchomaji akikasirika kwa kuulizwa, ondoka.