Ngoma na Magoti ya Wazee Wetu

Wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910, walikuta ngoma imefungamana na kubandwa na lubisi. Kwao, Mkristo kurudi ngomani kulikuwa kurudi kwa emandwa. Uamsho wa miaka ya 1930, uliotujia kutoka Rwanda na Uganda, ukakaza zaidi. Wengi waliookoka waliiacha kabisa.

Hatuwalaumu, maana walikimbia miungu. Lakini pamoja na miungu, miguu nayo ilitulizwa. Kucheza ni kupiga hatua, kugeuka, kuinua mikono na kukumbuka mapigo. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020, liliwashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kutoanguka walau siku 3 kwa wiki.

Sikukuu ya mavuno iliyopita, hapa Ijuganyondo, bibi mmoja aliuegemeza mkongojo wake kwenye benchi, akaifuata kwaya hadi madhabahuni akicheza. Baadhi yetu tulinung'unika. Kisha nikamkumbuka Daudi mbele ya Sanduku, na Mikali dirishani.

Wapendwa, wazazi wetu waliiacha ngoma kwa ajili ya Kristo. Kwa ajili yake huyo huyo, tuwaache wazee wainuke.