Ini la Samaki na Ubishi wa Mto Mara

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, samaki wakaelea wakiwa wamekufa. Kamati iliyoundwa na serikali chini ya Profesa Samuel Manyele ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na kuoza kwa mimea, kuwa ndivyo vilivyopunguza oksijeni majini. Wengi walicheka. Kicheko hicho kina historia yake.

Kwa haki, kikemia maelezo yale hayakuwa kichekesho. Bakteria wanaoozesha kinyesi hutumia oksijeni, na samaki akiikosa hufa upesi, pawe na sumu au pasiwe. Lakini wananchi walikuwa wakikumbuka Mei 2009, maji yenye asidi yalipovuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara hadi Mto Tigithe, unaomwaga maji yake Mara. Kampuni ililaumu wizi wa karatasi za plastiki zilizotandikwa bwawani. Mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi huohuo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la topesumu. Aliyeyapitia hayo akiambiwa kwamba safari hii ni ng'ombe, ataamini vipi?

Ubishi huo ungeweza kupelekwa kwenye viungo vya samaki. Asidi huyeyusha metali zilizomo miambani. Matamvua huumia kwanza, kwa kuwa utando wake ni mwembamba kiasi cha kupitisha hewa, na hivyo hupitisha sumu pia. Shaba huzuia ufyonzaji wa chumvi; kadimiamu hupenya kwa njia ileile ya kalisiamu. Matamvua yakivimba na kujaa ute, samaki hukosa pumzi hata katika maji yenye oksijeni tele. Metali iliyopenya hubebwa na damu hadi kwenye ini, ambako protini maalumu huikamata na kuifunga; mzigo ukizidi, seli za ini hufa. Figo nazo huathirika. Zebaki ni mbaya zaidi: ikishageuzwa na bakteria wa matopeni, hukaa kwenye minofu, yaani kwenye kitoweo chetu.

Maji yaliyochotwa kwenye chupa hushuhudia siku ile tu; ini la kambale hushuhudia miezi. Kwa hiyo kipimo safi cha maji hakikanushi sumu ya muda mrefu, kama ambavyo vifo vya ghafla haviithibitishi.

Huko Minamata, Japani, ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, lakini serikali ilikiri mwaka 1968 tu kwamba chanzo chake ni zebaki ya kiwandani iliyopitia kwa samaki. Tanzania iliridhia mkataba wenye jina la mji huo mwaka 2020, nayo ni nchi ya wachimbaji wadogo wengi wanaokamatia dhahabu kwa zebaki.

Kasoro yetu, kwa maoni yangu, ni kumpasua samaki baada ya msiba, pasipo rekodi ya kulinganisha. Mto Wami unapita kaskazini mwa Lugoba, unainywesha Chalinze, kisha unaingia baharini karibu na Saadani. Matamvua na maini ya samaki wake yapimwe sasa, wakati hakuna anayegombana na yeyote, kisha yapimwe tena kila mwaka. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ipo, maabara za vyuo zipo, na wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu hawajawahi kupungua.