Usiache Mbachao: Historia Fupi ya Santuri Kuukuu

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Wakatuonya pia kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kati ya wasia huo na onyo hilo ndipo ilipo historia ya santuri, na hasa historia ya wale watu wachache ambao kazi yao, au tuseme maradhi yao, ni kuokota santuri zilizotupwa na wenziwao.

Miaka kadhaa iliyopita alifariki mzee mmoja wa mtaani kwetu. Ilipomalizika arubaini, wanawe waligawana vilivyogawika, na sanduku lake la santuri likatolewa nje likangojee gari la taka. Nililikuta limeshanyeshewa. Ndani mlikuwa na nyimbo za taarabu, za dansi, na albamu za roki na popu za Waingereza na Wamarekani za miaka ya 1960 na 1970. Nyingi zilikuwa zimepinda kwa joto, na majalada yake yameota ukungu. Nilizoweza kuziokoa ni nne. Juu ya kila jalada, kwa wino wa buluu na hati nzuri ya mtu aliyesoma zamani, mzee alikuwa ameandika jina lake na tarehe aliyoinunua santuri hiyo. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: kitu hiki ni nini hasa, na anayekiokota anaokota nini?

Tuanze na kitu chenyewe. Santuri za mwanzo zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa lakiri wanaofugwa juu ya miti huko India na nchi jirani zake. Zilikuwa nzito, zikivunjika kama sahani za udongo, na upande mmoja wa santuri ya kawaida ulichukua dakika tatu hivi. Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri za His Master's Voice, alikabiliwa na kipimo hicho. Shairi refu ilibidi likatwe au ligawanywe pande mbili. Kwa hiyo mashine nayo ilikuwa na mizani yake, na mizani hiyo haikujua vina wala kibwagizo.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, lakiri ikawa bidhaa ya kijeshi. Mwaka 1942 Serikali ya Marekani ilipunguza kwa asilimia 70 lakiri iliyoruhusiwa kutengenezea santuri, na wenye maduka wakawataka wateja walete santuri zao za zamani zikasagwe ndipo wauziwe mpya. Hapana ajuaye ni sauti ngapi zilipotea katika visagio vile. Huo ulikuwa mfano wa mapema wa jambo litakalojirudia mara nyingi: wimbo wa jana kufanywa malighafi ya wimbo wa leo.

Mwezi Juni 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilionyesha santuri ya namna nyingine. Ilitengenezwa kwa plastiki ya vinaili, ikazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na kila upande ukaweza kubeba dakika ishirini na zaidi. Mwaka uliofuata kampuni ya RCA Victor ikajibu kwa santuri ndogo ya mizunguko 45, yenye wimbo mmoja kila upande. Ile ndogo ikawa sarafu ya vijana. Ile kubwa ndiyo iliyozaa albamu.

Msomaji mpenda mashairi atauelewa upesi uzito wa mabadiliko hayo. Wimbo mmoja ni ubeti unaosimama peke yake. Albamu ni diwani. Ina mpangilio, ina mlango wa kuingilia na wa kutokea, na ina pumziko katikati pale msikilizaji anapoinuka kuigeuza. Hadi katikati ya miaka ya 1960 wanamuziki wengi wa popu walikuwa bado wakikusanya nyimbo ovyo kujaza nafasi. Kisha wakaanza kutunga diwani. Mwaka 1967 Beatles walipotoa albamu yao ya Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, maneno ya nyimbo zote yalichapwa nyuma ya jalada, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika muziki wa vijana. Msikilizaji akawa msomaji. Alikaa kitako, jalada mkononi, akifuata mstari kwa mstari kama afuataye utenzi.

Ndiyo maana mkusanyaji wa santuri kuukuu hulitazama jalada kabla ya kuitazama sahani. Huangalia kama karatasi ya ndani ipo, kama picha zilizotiwa pamoja nayo hazikuchomolewa, kama kingo hazikuraruka. Kisha huitoa sahani kwa kuishika ukingoni na katikati, bila kugusa mifuo, akaielekeza kwenye mwanga ili aione mikwaruzo. Mwisho hukisoma kile kipande cheusi kisicho na wimbo, kati ya mfuo wa mwisho na kibandiko. Hapo mafundi walichora namba za kutambulisha chapa, na pengine alama zao wenyewe. Fundi mmoja wa London, George Peckham, alijulikana kwa kuacha hapo lakabu yake ya Porky, mfano wa mshairi anayelitia jina lake katika beti za tamati. Kwa namba hizo mjuzi hutambua kama santuri ni ya chapa ya kwanza au ya kumi.

Wakati mwingine jalada huficha jalada. Mwezi Juni 1966 kampuni ya Capitol ya Marekani ilitayarisha albamu ya Beatles iitwayo Yesterday and Today, yenye picha ya vijana hao wamevaa makoti ya wauza nyama, wamezungukwa na vipande vya nyama na viungo vya wanasesere. Wauzaji walilalamika, kampuni ikazirudisha, na ili kuokoa gharama ikabandika picha nyingine ya upole juu ya ile ya kwanza. Hata leo wakusanyaji huyashika majalada hayo juani wakitafuta kivuli cha picha ya chini. Wako waliobandua kwa mvuke, na wako wanaoona kwamba kubandua ni kuiharibu historia yenyewe.

Ama zama za kutupa zilikuja kwa hatua. Kaseti ya Philips ilitokea mwaka 1963, ikaingia mpaka ndani ya magari na vijijini kusikokuwa na umeme. Mwezi Oktoba 1982 CD zikaanza kuuzwa Japani, na kufika mwaka 1988 mauzo yake yalikuwa yameshazipita santuri kubwa huko Marekani. Watu waliambiwa kwamba kipya hakikwaruziki, hakina kelele, na hakichukui nafasi. Wakaamini. Majumba yakamwaga santuri zake katika maduka ya misaada, minada ya mitaani na mapipa ya taka. Albamu iliyonunuliwa kwa mshahara wa siku nzima ikauzwa kwa bei ya kikombe cha chai. Wengi walicheka, na wachache wakaanza kuokota.

Ni nini walichookota? Nitatoa visa viwili.

Mwaka 2002, katika mauzo ya mtaani mjini New York, mkusanyaji mmoja kutoka Kanada alinunua kwa senti 75 sahani isiyo na jalada, yenye kibandiko kilichoandikwa kwa mkono. Ilikuwa sahani ya majaribio ya kundi la Velvet Underground, iliyokatwa mwezi Aprili 1966, karibu mwaka mzima kabla ya albamu yao ya kwanza kutoka. Baadhi ya nyimbo zilikuwa zimeimbwa na kuchanganywa kwa namna tofauti na zile ulimwengu ulizozizoea. Mwaka 2006 iliuzwa mnadani kwa dola 25,200. Bei hiyo ilishangaza magazeti, lakini lililo kubwa zaidi lilikuja mwaka 2012, nyimbo hizo zilipotolewa rasmi na kila mtu akaweza kuzisikia. Senti 75 na jicho la mtu mmoja ndivyo vilivyoziokoa.

Kisa cha pili ni cha mtu, na kinatuhusu sisi wa bara hili. Sixto Rodriguez alizaliwa Detroit mwaka 1942, mtoto wa wahamiaji kutoka Mexico. Alitoa albamu mbili, Cold Fact mwaka 1970 na Coming from Reality mwaka 1971. Nchini kwake hazikununuliwa, naye akarudi kwenye kazi za kubomoa na kujenga nyumba. Lakini santuri hazina pasipoti. Cold Fact ilifika Afrika Kusini, ikapitishwa mkono kwa mkono, na vijana waliochoshwa na utawala wa ubaguzi wakayafanya mashairi yake kuwa yao. Shirika la utangazaji la serikali likaona hatari. Katika maktaba yake, nyimbo zisizotakiwa zilikwaruzwa kwa chombo chenye ncha ili sindano isiweze kuzicheza. Tafakari, msomaji: mkwaruzo ambao machoni pa mnunuzi ni dosari, machoni pa mwanahistoria ni saini ya dhalimu.

Wapenzi wake wa Afrika Kusini waliamini kwamba alikuwa amekufa. Katika miaka ya 1990 wachache wao walianza kumtafuta, silaha yao ikiwa ni majina na maneno yaliyomo katika santuri na majalada yake. Mwaka 1997 walimpata akiwa hai. Mwaka 1998 alipanda jukwaani Cape Town mbele ya maelfu waliozijua nyimbo zake kwa moyo. Filamu iliyosimulia kisa hicho ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2013, na Rodriguez akafariki mwezi Agosti 2023, akiwa amevuna angalau sehemu ya alichopanda. Mshairi aliyesahauliwa kwao alirudishwa uhai na watu waliokataa kutupa.

Sisi wa Unguja tuna jina letu katika daftari hili. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akasomeshwa Panchgani huko India, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Ulimwengu unamwita Freddie Mercury. Mwaka 1973, kabla albamu ya kwanza ya Queen haijatoka, aliimba santuri ndogo kwa jina la Larry Lurex. Haikuuzika, na leo inatafutwa kwa udi na uvumba. Mwaka 1978 kampuni ya EMI ilipiga chapa nakala 200 tu za wimbo wa Bohemian Rhapsody kwa vinaili ya buluu, nazo ni miongoni mwa santuri za roki zenye bei kubwa kabisa. Nyumba ya kumbukumbu yake ilifunguliwa Shangani mwaka 2019, na wageni huingia kwa tiketi. Ni jambo jema. Hata hivyo lazima tukiri kwamba waliotunza kila chapa, kila namba na kila jalada la mtoto huyu wa kisiwani walikuwa wakusanyaji wa ng'ambo.

Wako wanaosema kwamba kazi hii ni ya bure, kwani siku hizi nyimbo zote zimo katika simu. Nawajibu kwa moto. Tarehe 1 Juni 2008 ghala la Universal huko Hollywood liliungua, na pamoja nalo kanda mama za wanamuziki wengi. Umma haukuujua ukubwa wa hasara hiyo mpaka mwaka 2019, gazeti la New York Times lilipoifichua. Kanda mama ikishateketea, chanzo bora kilichobaki huenda kikawa santuri iliyokwisha kutumika, katika rafu ya mtu asiyejulikana. Na yaliyomo katika simu yamewekwa humo na mwenye mali, ambaye aweza kuyaondoa usiku wa leo bila kukuaga.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wakusanyaji wa roki na popu walilielewa neno hili. Mjini New York walianzisha mwaka 1985 hifadhi ya muziki wa kisasa. Mwaka 2000 ilianzishwa Discogs, daftari la mtandaoni ambamo watu wa kawaida wameorodhesha mamilioni ya chapa za santuri, kila moja na namba yake. Na biashara nayo imegeuka: mwaka 2022 santuri ziliuzwa Marekani kwa wingi kuliko CD, takriban milioni 41 kwa milioni 33. Msala umepita, na mbacha umerudi kutandikwa.

Na sisi? Mwaka 2007 kampuni ya Topic ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za Kiswahili za miaka ya 1920 hadi 1950, zilizotokana na santuri za kale zilizohifadhiwa London. Niliusikiliza kwa furaha na kwa fedheha. Furaha kwa kuwa sauti zile zingalipo. Fedheha kwa kuwa ilibidi zivuke bahari ili zipone. Washairi wengi wa pwani hawakuchapisha diwani. Diwani zao zilikuwa ni santuri, na wengi wa waliozinunua walikuwa watu kama mzee wa mtaani kwetu, ambao makasha yao yanaendelea kutolewa nje baada ya arubaini.

Zile santuri nne nimezisafisha kwa maji na kitambaa laini, nikazisimamisha wima mahali pasipofika jua. Moja haichezeki tena, imepinda mno. Nayo nimeiweka pamoja na wenzake, kwani hati ya buluu juu ya jalada lake bado inasomeka.