Mkanda wa Kuokota, Si Picha Zilizopatikana

Ipo orodha ya istilahi za filamu, iliyotungwa na kamati, inayopita mikononi mwa walimu, na humo Cloverfield ya mwaka 2008 imewekwa katika kundi la "picha zilizopatikana", yaani found footage kwa Kiingereza. Zilizopatikana wapi, dukani? Muuza mitumba akikwambia saizi yako inapatikana, hakuna aliyeipoteza.

Uti wa mgongo wa filamu hizi ni kwamba mwenye kamera hayupo tena. Katika Cloverfield, Hud anarekodi dubwana likiibomoa New York, kichwa cha Sanamu ya Uhuru kinabingirika barabarani, na mwishowe kamera inakutwa mahali palipokuwa bustani ya Central Park. The Blair Witch Project (1999) ni yale yale, msituni. Kitu kilidondoka, mwingine akainama akakichukua. Tendo hilo Kiswahili kinaliita kuokota. Mtoto aliyetupwa ni mtoto wa kuokota. Mtoto aliyepatikana ni yule ambaye wazazi wake wamemchinjia mbuzi.

Tazama pia umbo. Okota imo katika ukoo wa kamata, fumbata na ambata, vitenzi vya -ta ambavyo ndani yake mna mguso. Mpinzani wangu mmoja, hodari wa semina, atasema hata pata ina hiyo -ta. Naam, ila ukishaivisha -ikana, mtendaji anafutika: kitu kinapatikana chenyewe, kama mvua. Hiyo ndiyo kasoro ambayo kamati nzima, pamoja na chai yake, haikuiona.

Wengine wanapendekeza "filamu ya kamera ya mkononi". Hata harusi hupigwa kwa kamera ya mkononi.

Niliitazama Cloverfield huko Korbesa, kwa runinga ya sola, katikati ya vijana wa wafugaji. Picha ilipoanza kuyumba mzee mmoja akauliza kama mpigaji amelewa. "Hapana, mzee," kijana akamjibu, "huyo ashakufa. Hii kamera iliokotwa." Hakuwahi kukalia kiti cha kamati yoyote.

Matumizi: mkanda wa kuokota, mikanda ya kuokota, na anayelalamika kuwa siku hizi hakuna mkanda bali faili, aende akawakataze watu kusema mkanda wa Kihindi. Pendekezo hili niliwapelekea wahusika kwa maandishi. Walinijibu kwamba limepokelewa, na toleo jipya la orodha likatoka na "picha zilizopatikana" kwa herufi nzito.