Sugu, mlipuko, kuzidiwa

Sugu ni ile ngozi iliyokomaa kiganjani mwa mpiga kasia. Watu wa tiba wakaliazima neno hilo, tukapata "ugonjwa sugu wa mapafu", yaani usiopona kabisa. Lakini kliniki zao zina pia "kifua kikuu sugu", na huko sugu ni vimelea vinavyokaidi dawa. Bibi wa Msimbati aliyepuliza kuni za mafiga miaka 40 akitajiwa ugonjwa sugu wa mapafu, anasikia TB. Akifika nyumbani kikombe chake kinatengwa, na ugonjwa wenyewe hauambukizi! Ndiyo maana mimi naandika "ugonjwa wa kudumu wa njia za hewa". Jina hilo halimtengi mtu na wajukuu zake.

Neno la pili, la ugonjwa huo unapochachamaa, halihitaji kutungwa. Bibi huyo ana siku zake za kawaida: kikohozi cha alfajiri, kutua ndoo mara moja akitoka kisimani. Kisha, ndani ya siku chache, kifua kinambana kuliko alivyozoea, makohozi yanazidi au yanageuka kijani. Jirani atasema, "Bibi amezidiwa." Anayeandika "mlipuko" hapa anapotosha, maana mlipuko ni wa kipindupindu, unapita nyumba hadi nyumba. Kuzidiwa ni kwa mtu mmoja, na kipimo chake ni siku zake mwenyewe.

Hesabu ya kuzidiwa ina uzito. Aliyezidiwa mara mbili kwa mwaka hata akahitaji vidonge vya prednisoloni au antibiotiki, au mara moja akalazwa, huhesabiwa kuwa mwenye kuzidiwa mara kwa mara, na dawa zake za kila siku huangaliwa upya. Prednisoloni ya kuzidiwa kwa kawaida ni ya siku 5 tu. Dawa ya kuvuta inayopanua njia za hewa kwa saa nyingi ni ya kila siku, hata siku za nafuu, na hapo ndipo wengi wanapoiacha: hawajazidiwa, ya nini?

Visababishi vya kuzidiwa ni mafua, moshi wa jikoni, moshi wa maganda ya korosho yanapochomwa, na vumbi la salfa linalopulizwa kwenye mikorosho kukinga ugonjwa wa ubwiriunga. Kwa hiyo muuguzi asiishie kwenye "unaendeleaje?" Amuulize kwa kalenda anayoijua: "Shikamoo bibi. Tangu salfa ya mwaka jana, umezidiwa mara ngapi?"