Ziwa Tanganyika: mapatano iko, lakini sheria ya inchi inasema nini?

Mtu akitaja sheria ya bahari, wengi wanafikiri Muanda, kule magaribi, fasi Kongo inagusa Atlantiki kwa kilometa karibu 40 tu. Mwaka 2009 inchi yetu ilipata sheria ya kuonyesha mipaka ya maji hayo. Lakini kwetu wakaaji wa Uvira, Baraka, Kalemie na Moba, maji makubwa ni ziwa Tanganyika. Swali ni lile lile: namna gani kuchunga maji ya inchi nyingi wakati samaki hawajui mpaka?

Ziwa ni la nani?

Kongo ina karibu 45 kwa mia ya ziwa, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Tarehe 12 mwezi wa sita 2003, inchi hizo nne zilitia sahihi mapatano ya kuchunga ziwa pamoja, kule Dar es Salaam. Mamlaka ya ziwa, yenye makao yake Bujumbura, inafuatilia kazi hiyo.

Mwaka 2024, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane, ili samaki wazae. Lakini ndakala na mikebuka wanatembea. Upande mmoja ukifunga na mwingine ukiendelea kuvua, faida inapotea.

Sheria iko wapi?

Tanzania ilipiga sheria yake ya uvuvi mwaka 2003, Zambia 2011, Burundi 2016. Kongo, kwa miaka mingi, ilitumikisha dekreti ya tarehe 21 mwezi wa nne 1937, ya wakati wa Wabelgiji. Siku zile nyavu za nailoni hazikuwa hata kwenye soko.

Wengine watauliza: mapatano haitoshi? Katiba yetu, kifungu cha 215, inasema mapatano yaliyokubaliwa sawasawa na kutangazwa iko juu ya sheria. Lakini kifungu cha 17 kinasema hakuna mtu anaweza kufuatwa juu ya tendo ambalo halikuwa kosa siku alilolifanya. Kwa hiyo kosa na azabu zinapaswa kuandikwa wazi.

Sheria nzuri iseme nini?

Iseme nyavu gani zimekatazwa, pamoja na chandarua ya mbu. Iseme ziwa linafungwa tarehe gani, nani ana haki ya kukamata mtumbwi, faini ni ngapi, na kwamba kila anayelipa apewe karatasi. Bila hiyo, mvuvi atabaki mikononi mwa yeyote mwenye kuvaa uniforme.

Tena iseme jamaa ya mvuvi, na mama anayeuza ndakala, watakula nini miezi tatu ile. Mtu mwenye watoto wenye njaa ataingia ziwani usiku, hata sheria ikiwa nzuri namna gani. Wabunge wetu wakirudi huku likizo, tuwaulize swali hilo.