Mwaka Zaire ilipodai mbingu ya Ikweta

OBOKOTE, eneo la Lubutu, jimbo la Maniema – Usiku, jenereta zikishazimwa, wakaaji wa kando ya barabara ya Lubutu–Walikale huona taa za ndege kubwa zikipita juu sana, zikitoka kusini mwa Afrika kwenda Ulaya. Hazitui Kindu wala Kisangani. Rubani aliye juu ya msitu huweza kutuma habari kwa kampuni yake kwa njia ya setilaiti, na abiria nyuma yake anaandikia watoto nyumbani kwa simu. Ndege hiyo, kwa muda inapopita hapa, iko chini ya sheria ya Kongo. Setilaiti inayoihudumia haiko. Zamani serikali ya hapa ilijaribu kusema iko.

Ili kuelewa jambo hilo inafaa kujua kwanza mahali penyewe. Lubutu haifiki digrii moja kusini mwa mstari wa Ikweta, na anayekwenda Kisangani kwa barabara anauvuka mstari huo njiani. Setilaiti ikiwekwa juu ya Ikweta hasa, kwenye kimo cha kilomita 35,786, huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia inajizungusha yenyewe. Mtu wa chini anaiona kama imesimama. Ndiyo maana antena ya shirika la msaada ikishaelekezwa vizuri haihamishwi tena. Mzunguko wa namna hiyo ni mmoja tu kwa dunia nzima, nao unapita juu ya nchi chache: Kongo, Uganda, Kenya, na nyingine za Amerika ya Kusini na Asia.

Watu wa Lubutu hawakuhitaji vitabu kujua faida yake. Mwishoni mwa 1996 na mwanzoni mwa 1997, kambi ya Tingi-Tingi ilipojaa wakimbizi wa Rwanda zaidi ya laki moja, ndege za msaada zilitua juu ya barabara yenyewe. Habari zilitoka kwa foni na kwa simu za setilaiti, maana njia nyingine haikuwako. Hata leo minara mingi ya simu ya vijijini Kongo inaunganika na Kinshasa kwa kupitia setilaiti. Muhami aliyetoka upande wa Walikale akipiga simu kumtafuta ndugu yake, sauti yake inaweza kwenda mbinguni na kurudi kabla ya kufika kijiji cha pili.

Tarehe 3 Desemba 1976, mjini Bogotá, Colombia, nchi za Ikweta zilitia sahihi tangazo moja. Zaire ilikuwamo, na Kenya, Uganda, Kongo-Brazzaville, Colombia, Ecuador na Indonesia. Zilisema kwamba sehemu ya mzunguko ule iliyo juu ya nchi yao ni mali yao ya asili, kama mto au madini, na kwamba anayetaka kuweka setilaiti pale aombe ruhusa. Nchi tajiri zilikataa. Zilionyesha mkataba wa anga za juu wa 1967, ambao Kongo yenyewe ilikuwa imetia sahihi, unaosema hakuna taifa linaloweza kujimilikisha anga hiyo. Nchi za Ikweta nazo zilijibu kwamba mkataba ule haukuonyesha anga za juu zinaanzia wapi. Hapo walikuwa na haki: hata leo mpaka huo haujakubaliwa na mataifa yote.

Mwaka uleule wa 1976, serikali hiyohiyo ya Mobutu ilikuwa imekodisha eneo la kilomita za mraba kama 100,000 huko Shaba kwa OTRAG, kampuni ya Ujerumani Magharibi, ili ijaribu roketi zake. Roketi tatu zilirushwa kati ya 1977 na 1978, na ya tatu ilianguka Mobutu mwenyewe akitazama. Mwaka 1979 kampuni ilifukuzwa. Ni ajabu kidogo: mbingu ilidaiwa kwa nguvu, huku ardhi ya chini yake ikipewa mgeni.

Dai la Bogotá halikufaulu, lakini halikupotea bure. Mwaka 1988 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilimaliza mpango wa kuhakikisha kila nchi ina walau nafasi moja ya setilaiti katika mzunguko ule. Kuwa na nafasi ni jambo moja, kuwa na setilaiti ya kuiweka pale ni jambo lingine.

Kwa upande wa ndege sheria ni kali zaidi. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya hewa yake, na kifungu cha 30 kinasema redio ya ndege lazima iwe na kibali cha nchi iliyoiandikisha, na itumiwe kwa kufuata kanuni za nchi inayopitiwa. Intaneti ya ndani ya ndege ilipoenea, kongamano la ITU la Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2019, liliweka mipaka ya nguvu ya mawimbi ili antena ya ndege isivuruge mitambo ya watu wa chini.

Umuhimu wa mitambo hiyo ulionekana vibaya tarehe 8 Machi 2014, ndege ya Malaysia Airlines MH370 ilipopotea na watu 239. Redio zilinyamaza, lakini chombo chake cha setilaiti kiliendelea kuijibu setilaiti ya Inmarsat iliyo juu ya Bahari ya Hindi, na kwa majibu hayo wataalamu wakajua ilielekea kusini. Mwaka 2016 kipande cha bawa lake kiliokotwa kisiwani Pemba. Tangu Novemba 2018 ndege kubwa za abiria zinatakiwa kujulikana zilipo kila dakika 15 zikiwa juu ya bahari. Juu ya nchi kavu, pamoja na msitu kama huu wa Maniema, ni pendekezo tu.

Sasa takataka. Setilaiti ya kimo kile ikifa haianguki. Inabaki pale, ikiyumba kati ya zilizo hai, kwa muda ambao hakuna mjukuu atakayeuona mwisho wake. Dawa inayokubalika ni kuipandisha kilomita kama 300 juu zaidi, kwenye makaburi ya setilaiti, kabla mafuta hayajaisha. Mafuta ya safari hiyo ni sawa na ya miezi kama mitatu ya kazi, na miezi mitatu ni pesa. Hapo ndipo kishawishi cha kuchelewa kilipo. Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo mwaka 2007, lakini mwongozo haumfungi mtu. Anayeweza kutoza faini ni nchi iliyotoa leseni. Oktoba 2023 Marekani ilifanya hivyo kwa mara ya kwanza: kampuni ya DISH ilitozwa dola 150,000 kwa sababu setilaiti yake EchoStar-7 ilipandishwa kilomita 122 tu badala ya 300. Uamuzi ulitoka Washington, si katika nchi yoyote iliyotia sahihi Bogotá.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 19 Oktoba 2024, Intelsat 33e ilivunjika vipandevipande juu ya Bahari ya Hindi. Ilikuwa imerushwa 2016, na kati ya kazi zake ilikuwa kuhudumia ndege na meli. Wateja wa Afrika walikatika. Vipande viko kwenye mstari wa Ikweta, na havitashuka.

Setilaiti za chini, kama za Starlink zilizo kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, ni habari tofauti. Hizo hushuka zenyewe na kuungua, na tangu 2022 Marekani inataka zishuke ndani ya miaka mitano baada ya kazi kwisha. Zamani ilikuwa 25. Kongo ilizikataza Machi 2024, jeshi likihofia waasi wasizitumie, kisha Mei 2025 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ikatoa leseni. Leseni ya Kinshasa inahusu mawimbi na antena za hapa. Habari ya kushuka kwa setilaiti imo katika leseni ya Marekani.

Si kila kitu kinaungua. Tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya, pete ya chuma ya upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo kama 500 ilianguka. Shirika la anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi, likakichukua. Mkataba wa 1972 unasema nchi iliyorusha inalipa hasara yote ya chini, bila mlalamikaji kuonyesha kosa. Hasara ya huko juu, setilaiti kwa setilaiti, inalipwa pale tu kosa linapothibitishwa.